Saba, si nane: maonyo ya keneli kuhusu umeme wa prosesa na namna ya kuyanyamazisha

Unawasha kompyuta. Kabla ukurasa wa kuingilia haujatokea, mistari myeupe inamiminika kwenye skrini nyeusi. Mingi inapita haraka mno usiweze kuisoma, lakini neno `Error` umeliona, na `bug` umeliona, na prosesa imetajwa humo humo. Sekunde chache baadaye kila kitu kiko sawa: intaneti imeshika, betri inachaji, programu zinafunguka. Kesho yake mistari ile ile inarudi. Wapo wanaoizoea. Wapo wanaotafuta amri ya kuifuta, wakabandika ya kwanza waliyokutana nayo, na hapo ndipo mashine iliyokuwa nzima inapoharibiwa.

Laptopu ninayofanyia kazi ina prosesa ya Intel yenye viini vinne, kila kiini kikibeba nyuzi mbili, kwa hiyo Linux inahesabu prosesa nane. Kwa muda mrefu kila ilipowaka ilinionyesha hivi:

```
ACPI BIOS Error (bug): Could not resolve symbol [\_PR.PR00._CPC], AE_NOT_FOUND (20200925/psargs-330)
ACPI Error: Aborting method \_PR.PR01._CPC due to previous error (AE_NOT_FOUND) (20200925/psparse-529)
```

Jozi hiyo ilijirudia kwa PR02, kwa PR03, hadi PR07. Siku nilipoketi kuihesabu nikapata jozi saba. Prosesa ni nane, malalamiko ni saba. Hiyo moja iliyokosekana ndiyo iliyonifungulia mlango, maana mtu akishaelewa kwa nini ni saba na si nane, ameelewa pia kwa nini ujumbe huu hauna madhara na wapi pa kuuzima.

Nani anayesema?

Katika umeme wa prosesa kuna pande tatu. Kuna prosesa yenyewe, inayoweza kupandisha na kushusha kasi yake na kulala usingizi wa kina mbalimbali inapokosa kazi. Kuna fimwea, yaani ile programu iliyochomwa kwenye ubao mama, ambayo wengi tunaiita BIOS hata kama siku hizi ni UEFI. Na kuna keneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, inayotaka kujua mashine iliyoikuta inaweza nini.

Fimwea huieleza keneli habari hizo kupitia majedwali ya ACPI, kiwango kilichotolewa mara ya kwanza Desemba 1996. Majedwali haya hayana data tupu peke yake. Ndani yake kuna programu ndogondogo zilizoandikwa na mtengenezaji wa kompyuta, na keneli huziendesha moja moja. Kila prosesa humo ina jina, kwa mfano PR00, na chini ya jina hilo kuna vitu vyake: `_PSS` inaorodhesha kasi zinazopatikana, `_CST` inaeleza hali za usingizi, na `_CPC` ni njia mpya zaidi, ambapo mfumo unaomba kiasi cha utendaji kwenye kipimo badala ya kuchagua kasi kutoka orodha.

Nilitoa majedwali ya laptopu yangu kwa `acpidump -b`, nikayafungua kwa `iasl -d`, nikatafuta `_CPC`. Kwa PR01 nilikuta programu nzima ni mstari mmoja: rudisha `\_PR.PR00._CPC`. PR02 vivyo hivyo, na PR03, hadi PR07. Mwandishi wa fimwea aliandika maelezo mara moja tu, kwa PR00, halafu akawaambia wengine wote wamwige mkubwa wao. Sasa maelezo ya PR00 yenyewe yamewekwa kwenye jedwali la nyongeza, ambalo fimwea hulipakia pale tu kipengele cha Intel kinachoitwa Speed Shift, kinachoiachia prosesa ijichagulie kasi, kimewashwa. Kwangu kilikuwa kimezimwa.

Ikawa hivi. Keneli inauliza: PR00, una `_CPC`? Haina. Sawa, tunaendelea, na hakuna kosa lolote, kwa kuwa kutokuwa nayo kunaruhusiwa. PR01, una `_CPC`? Ninayo, iendeshe. Keneli inaiendesha, inaelekezwa kwa PR00, inafika inakuta patupu. Hapo ndipo kosa linapoandikwa. Halafu PR02, halafu PR03. Saba.

Ile namba `20200925` mwishoni huwatisha watu, wakidhani ni tarehe ya BIOS au ya hitilafu. Ni toleo la ile sehemu ya keneli inayosoma ACPI, basi.

Je, kuna kilichoharibika?

Kabla ya kuzima ujumbe wowote, uliza mashine kama kazi inayolalamikiwa inafanyika. Kwa kasi ya prosesa, amri ni moja:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver
```

Kwangu ilijibu `intel_pstate`. Draiva hiyo, yaani programu ya keneli inayosimamia kasi ya prosesa, iliingia Linux katika toleo la 3.9, mwaka 2013, na sifa yake kubwa ni kwamba inazungumza moja kwa moja na rejista za prosesa, vijisanduku vya namba vilivyo ndani yake, bila kusubiri orodha za fimwea. Kwa hiyo `_CPC` ikikosekana katika mashine kama yangu, kasi inaendelea kupanda na kushuka kama kawaida.

Usingizi nao una mahali pake pa kuutazama:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/state*/name
grep . /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/state*/usage
```

Amri ya kwanza inataja hali za usingizi, kuanzia nyepesi hadi nzito. Ya pili inaonyesha kila moja imeingiwa mara ngapi. Iache mashine itulie dakika moja, rudia amri ya pili. Namba za hali nzito zikiwa zimepanda, prosesa inalala vizuri na betri haimwagiki bure. Ikiwa faili hizo hazipo kabisa, au namba zinapanda kwenye hali ya kwanza tu, onyo lako si la bure na usilizime.

Ningependa kila mtu afanye ukaguzi huu kwanza, hata kama ana haraka. Unachukua dakika mbili, na ndio unaotenganisha kelele na taarifa.

Kwa nini `quiet` haitoshi

Wengi huja na swali hili: nimeandika `quiet` kwenye amri ya kuwashia, mbona mistari bado inatokea?

Kila ujumbe wa keneli una ngazi, kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ni dharura ya mashine kufa. 3 ni kosa. 4 ni onyo. 6 ni habari ya kawaida. 7 ni ya watengenezaji wanaotafuta hitilafu. Skrini nayo ina kizingiti chake, na kanuni ni kwamba ujumbe hupita ukiwa na ngazi ndogo kuliko kizingiti. Siyo ndogo au sawa, ndogo kuliko. Neno `quiet` kwa kawaida linaweka kizingiti kuwa 4. Maana yake maonyo, ambayo ni ngazi ya 4, yamezuiwa, lakini makosa, ngazi ya 3, bado yanapita. Na makosa ya ACPI huandikwa katika ngazi ya 3.

Hapo kuna jambo la kufaa: kama una `quiet` na bado mstari unatokea wakati keneli inaanza, basi mwandishi wa keneli aliuona kuwa kosa au zaidi, si onyo. Baadhi ya wasambazaji wa Linux wameshusha thamani ya `quiet` hadi 3, ndiyo maana mashine mbili zenye fimwea ile ile zinaweza kutoa sura tofauti kwenye skrini.

Kuona vizingiti vya mashine yako, soma `/proc/sys/kernel/printk`. Utapata namba nne, mfano `4 4 1 7`. Ya kwanza ndiyo kizingiti cha sasa cha skrini. Ya pili ni ngazi wanayopewa ujumbe usiotaja ngazi yake, ya tatu ni chini kabisa ambapo kizingiti kinaweza kushushwa, na ya nne ni kizingiti cha awali cha keneli.

La muhimu kuliko yote katika sehemu hii: skrini ni tundu moja tu. Ujumbe wote, uonekane usionekane, unahifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya keneli, na `dmesg` au `journalctl -k -b` itakuonyesha. Kwa hiyo kushusha kizingiti hakufuti ushahidi. Kunafunga pazia.

Kufunga pazia

Kama umekagua na umeridhika, fungua `/etc/default/grub`, faili ya mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, tafuta mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, uufanye hivi:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet loglevel=3"
```

Kama mstari wako una maneno mengine, yaache. Unaongeza hilo la mwisho tu. Mpangilio una maana: keneli inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na neno la mwisho ndilo linaloshika, kwa hiyo `loglevel=3` ije baada ya `quiet`. Kisha endesha `sudo update-grub` kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zao, au `sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg` kwenye Arch. Fedora ina njia fupi zaidi: `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="loglevel=3"`. Wanaotumia systemd-boot badala ya GRUB wataongeza neno hilo hilo kwenye mstari wa `options` ndani ya faili za `loader/entries`.

Njia ya `sysctl`, yaani kuandika `kernel.printk = 3 4 1 3` kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, inapendekezwa mara nyingi, lakini peke yake haitatui tatizo hili. Mipangilio hiyo inasomwa mfumo ukiwa umeshaanza, na makosa ya ACPI huwa yameshapita zamani. Inafaa kwa ujumbe unaokatiza baadaye, ukiwa kwenye skrini ya maandishi. Ina sababu nyingine ya kuitazama: Ubuntu, kwa mfano, imekuwa na faili yake, `10-console-messages.conf`, inayorudisha kizingiti kuwa 4, hivyo usishangae ukiona ulichoweka kwenye GRUB kimebadilika mara tu mfumo umekamilika kuwaka.

Gharama ya `loglevel=3` ni kwamba inanyamazisha makosa yote ya ngazi ya 3, si ya ACPI peke yake. Diski inayoanza kufa huandika makosa yake ya kusoma na kuandika katika ngazi hiyo hiyo. Usipoyaona kwenye skrini, lazima uyatafute mwenyewe. Mimi hutumia amri hii kila baada ya siku chache:

```
journalctl -k -b -p err -o cat | sort | uniq -c
```

Inakusanya makosa ya keneli tangu mashine iwake, inaondoa saa, inapanga, inahesabu. Ukiongeza `-1` baada ya `-b` unapata ya mara iliyotangulia, ilimradi mfumo wako unatunza kumbukumbu hizo kwenye diski. Ukishajua sura ya kawaida ya mashine yako, mstari mpya unajitokeza wenyewe.

Kuzima kwenye mzizi

Pazia ni la mwisho. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Kwangu dawa ilikuwa humo: niliwasha Speed Shift, fimwea ikapakia lile jedwali la nyongeza, PR00 ikapata `_CPC` yake, na ndugu zake saba wakapata wa kumwiga. Mistari kumi na minne ilitoweka siku hiyo bila kugusa kizingiti chochote.

Kwa prosesa za AMD kuna kisa kinachofanana na hiki. Draiva ya `amd_pstate`, iliyoingia katika Linux 5.17 mwaka 2022, inategemea `_CPC`, na isipoikuta huandika:

```
amd_pstate: the _CPC object is not present in SBIOS or ACPI disabled
```

Kama prosesa yako ina uwezo huo, tafuta CPPC, kipengele kinachotumia hiyo `_CPC`, kwenye BIOS uiwashe. Hapo ujumbe ulikuwa na faida kubwa kwako, umekuonyesha swichi iliyosahaulika. Kama ni ya zamani isiyo na uwezo huo, hakuna cha kuwasha. Draiva ya zamani, `acpi-cpufreq`, inashika kazi na maisha yanaendelea.

Sasisho la fimwea nalo lijaribiwe, kwa `fwupdmgr get-updates` ikiwa mtengenezaji wa mashine yako anatoa masasisho kwa njia hiyo. Wajuzi wanaweza hata kuhariri jedwali la ACPI na kuipa keneli toleo lililorekebishwa wakati wa kuwaka. Inawezekana, nimeifanya kwa majaribio, lakini kwa mistari isiyo na madhara siishauri: sasisho la BIOS likija, jedwali lako la mkono linabaki la kale na linaweza kuleta matatizo ambayo hayakuwepo.

Ujumbe mwingine wa Intel unaowasumbua wengi ni huu:

```
ENERGY_PERF_BIAS: Set to 'normal', was 'performance'
```

Huu haulalamiki. Prosesa ina rejista, namba 0x1b0, ambamo mfumo unasema unapendelea nini kati ya kasi na kubana umeme: 0 ni kasi tupu, 15 ni kubana kabisa, 6 ni wastani. Mashine ikiwaka rejista iko kwenye 0, na fimwea nyingi haziigusi. Tangu 2011 keneli ikiikuta kwenye 0 inachukulia kwamba imesahauliwa, inaiweka 6, na inakuarifu. Imekufanyia kazi na imeacha risiti. Nani anahitaji kuondoa hiyo?

Dawa zinazoua

Kuna ushauri unaozunguka ambao natamani ungekoma. Wa kwanza ni `acpi=off`. Ndiyo, mistari ya ACPI itaisha, kwa sababu ACPI yote imeisha. Pamoja nayo unaweza kupoteza usomaji wa betri, udhibiti wa feni, kuzimika kwa mashine vizuri, hata baadhi ya prosesa zisionekane kabisa.

Wa pili ni `intel_idle.max_cstate=1` au `processor.max_cstate=1`. Huu una matumizi yake halali, kwa mfano mashine inayoganda ikilala usingizi mzito. Kama kiondoa kelele haufai: prosesa inakatazwa kulala usingizi mzito, joto linapanda, betri inaisha mapema, na ujumbe wenyewe mara nyingi unabaki pale pale, maana ulitoka kwingine.

Wa tatu ni kuzuia draiva, iwe kwa `blacklist` ndani ya `/etc/modprobe.d/` au kwa `initcall_blacklist` kwa zile zilizojengwa ndani ya keneli. Draiva iliyozuiwa haisemi, ni kweli. Haifanyi kazi pia.

Halafu kuna maonyo yanayofanana na haya yetu kwa sura, ila yamebeba dawa ndani yake. Lile la `[Firmware Bug]: TSC_DEADLINE disabled due to Errata` linakutajia hadi toleo la maikrokodi, programu ndogo iliyo ndani ya prosesa, unalotakiwa kuwa nalo. Sakinisha kifurushi cha maikrokodi cha mfumo wako, washa upya, limekwisha. Hakuna haja ya kulifunika.

Ndani ya mashine pepe

Hapa naweza kuwa mfupi. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine iitwayo mwenyeji, haimiliki prosesa, imeazimwa. Mwenyeji ndiye anayepandisha na kushusha kasi, na kwa kawaida haionyeshi mashine pepe rejista hizo. Ndiyo maana saraka ya `cpufreq` mara nyingi haipo kabisa humo, na draiva zinazoitafuta zinalalamika bure. Hakikisha uko ndani ya mashine pepe kwa `systemd-detect-virt`, kisha shusha kizingiti bila hofu, na ukaguzi wa umeme ukaufanyie kwa mwenyeji.

Wanaoweza kuunyamazisha kwa wote

Kila unachofanya kwenye GRUB kinanyamazisha mashine moja. Wenye uwezo wa kunyamazisha ujumbe duniani kote ni watunza keneli, na wamefanya hivyo mara nyingi. Mwaka 2017 lile onyo la TSC_DEADLINE lilizimwa ndani ya mashine pepe, kwa sababu aliye ndani hawezi kubadilisha maikrokodi hata akitaka. Mwaka 2019 ujumbe wa prosesa kupunguza kasi kwa sababu ya joto ulishushwa hadi ngazi ya onyo, kwa hoja kwamba laptopu nyingi za kisasa hufikia kikomo hicho katika kazi za kawaida. Na lile la `amd_pstate` lilikuja kuongezewa ukaguzi, ili lisiandikwe kwenye prosesa ambazo hazikuwahi kuwa na uwezo huo.

Tazama walivyoamua. Hawakuuliza kama ujumbe ni wa kweli. Jumbe zote tatu zilikuwa za kweli. Waliuliza kama anayeusoma ana la kufanya.

Kwa hiyo kabla hujahangaika, jaribu keneli mpya. Huenda ujumbe wako umeshashughulikiwa. Ukiukuta bado upo na umethibitisha hauna madhara, ripoti kwa watunzaji wa sehemu husika. Weka `dmesg` nzima tangu mstari wa kwanza, usikate kipande kile tu chenye kosa. Weka modeli ya prosesa kutoka `/proc/cpuinfo`, toleo la BIOS, jibu la `scaling_driver`, na zile namba za usingizi kabla na baada ya dakika moja ya utulivu. Hizo namba ndizo zinazomwonyesha msomaji kwamba prosesa inafanya kazi yake wakati ujumbe unasema vinginevyo.